Nani katubu kweli? Miisho mitano ya filamu kwenye mizani

Mfululizo wa filamu unaweza kumlea mtu mmoja mbele ya macho yetu kwa miaka mitatu, kumi, hata arobaini, kisha ukamharibu katika dakika kumi za mwisho. Vita vikubwa, ngome zinazoporomoka na majeshi yasiyo na idadi hupatikana kwa fedha na kompyuta. Linalowashinda wengi ni jambo dogo: mtu amesimama, mbele yake kuna kile anachokitamani kuliko kitu chochote, na anatakiwa kujibu. Na yule aliyekubali zamani, akautumikia uovu miaka mingi, anarudi kwa mlango gani?

Tumeziweka mizani filamu tano ambazo kila moja ilifunga mfululizo wake: Return of the Jedi ya Star Wars (1983), The Godfather Part III (1990), The Return of the King ya The Lord of the Rings (2003), Harry Potter and the Deathly Hallows Part 2 (2011) na The Rise of Skywalker, nayo ya Star Wars (2019). Miisho yote inatajwa wazi humu, kwa hiyo asiyeziona na anayetaka kuzikuta mbichi aanze na filamu zenyewe. Ushauri wa toleo lipi la kutafuta uko kuelekea mwisho.

Mizani yenyewe ni ya nyumbani. Aliyepita madrasa anayajua masharti ya toba: kuiacha dhambi, kuijutia, kuazimia kutoirudia, na ikiwa dhambi iligusa haki ya mtu, kumrudishia haki yake. Kanisani maneno hubadilika lakini hesabu inakaribiana: majuto, maungamo, malipizi. Walioandika filamu hizi hawakuwa na orodha hiyo mezani, hata hivyo ukiitumia unaona upesi mwisho upi umetimia na upi umekatikia njiani. Sharti linalorukwa karibu kila mara ni la nne.

Kishawishi nacho kina kipimo chake, chepesi zaidi. Chambo kiwe kile samaki anachokula. Filamu ikimpa mhusika chambo ambacho hatujawahi kumwona akikionea njaa, hatuna wasiwasi naye, na ushindi wake haututoi jasho.

Kinyago kisicho na uso

Return of the Jedi iliongozwa na Richard Marquand, na George Lucas akaandika mchezo wake pamoja na Lawrence Kasdan. Tukio linalotuhusu limo ndani ya chumba cha enzi cha Kaisari Palpatine, anayechezwa na Ian McDiarmid. Luke Skywalker (Mark Hamill) amefikishwa pale na baba yake, Darth Vader. Upanga wake wa mwanga umelazwa kwenye mkono wa kiti cha enzi, mahali anapoweza kuufikia. Dirishani anawaona wenzake wakiuawa angani.

Tazama mtego ulivyosukwa. Kaisari hamwahidi Luke mali wala ufalme. Anamwambia achukue silaha yake ampige. Kinachowindwa ni hasira ya haki, na huko ndiko mtu mwema anakonaswa kwa urahisi, kwa sababu kumpiga mwovu kunafanana sana na wema. Lau angeahidiwa utajiri, tungejua jibu lake kabla hajafungua mdomo.

Luke anateleza mara mbili kabla ya kusimama. Kwanza anaunyakua upanga. Anajituliza, anajificha gizani chini ya ngazi, anakataa kupigana. Vader anayasoma mawazo yake, anagundua kwamba kuna dada, na anasema kwamba huenda huyo dada akageuka badala yake. Hapo Luke anafumuka kama moto wa nyika, na John Williams anaingiza kwaya ya sauti nzito za kiume. Wengi huliona pambano lile kama saa ya shujaa. Sikiliza tena: ule ni muziki wa msiba. Anamkata baba yake mkono, na penye jeraha zinachomoza nyaya. Anautazama mkono wake mwenyewe, uliovikwa glavu nyeusi, nao ndani ni mashine. Anautupa upanga.

Tukio hilo halina hotuba ndefu kwa sababu kazi ilishafanywa mapema. Mkono wa Luke ulikatwa katika filamu ya 1980, The Empire Strikes Back. Katika filamu hiyohiyo, ndani ya pango kwenye sayari ya Dagobah, alikipiga kivuli cha Vader, kofia ikapasuka, na ndani akaiona sura yake mwenyewe. Glavu nayo anaivaa katika sehemu ya kwanza ya filamu hii ya 1983, baada ya mkono kupigwa kwenye mapambano ya jangwani. Mtazamaji aliyekwisha kuona hayo matatu anaelewa kila kitu Luke anapoinamisha macho kuutazama mkono, bila neno hata moja. Wabunifu wa mavazi nao walichangia: Luke amevaa nyeusi filamu nzima, na kwenye chumba cha enzi ukingo wa koti unaanguka wazi kifuani na kuonyesha kitambaa cheupe ndani.

Kisha zamu ya Vader. Kaisari anamchoma Luke kwa radi, kijana anamlilia baba yake, na Vader amesimama kando. Uso hauonekani, ni kofia nyeusi isiyopepesa. Anamtazama bwana wake, anamtazama mwanawe, anamtazama bwana wake tena. Mwili ni wa David Prowse, na sauti ya James Earl Jones haitumiki hapa kabisa. Kwa kuwa kinyago hakina ishara, sisi watazamaji ndio tunaokijaza: majuto, mapenzi ya mzazi, miaka aliyopoteza. Halafu anamnyanyua Kaisari na kumtupa shimoni, huku radi ileile ikimmaliza yeye mwenyewe. Ni mojawapo ya matukio bora kabisa ya toba katika filamu za burudani, na limejengwa kwa kugeuza kichwa mara chache tu.

Ndiyo maana marekebisho ya mwaka 2011 yanaumiza. Katika toleo hilo la Blu-ray, Vader aliongezewa kilio cha "hapana" mara mbili, kabla na wakati wa kumnyanyua Kaisari. Tangu hapo mtazamaji hana kazi, ameshasomewa. Kilio hicho kimechukua nafasi iliyokuwa yetu.

Sasa mizani. Kuiacha dhambi: ndiyo. Kujuta: anapovuliwa kofia, uso mweupe wa mzee Sebastian Shaw unamwomba mwana amtazame kwa macho yake halisi, na inatosha. Kutorudia: anakufa, swali limefungwa. Haki za watu? Hapa filamu inakaa kimya. Leia, yule dada wa Luke, aliteswa na Vader huyu, akasimamishwa mbele yake kuitazama sayari yake ikiteketezwa. Hakuna tukio hata moja la Leia kusema amesamehe au hajasamehe. Usiku ule Luke anachoma maiti ya baba peke yake msituni, wengine wanacheza ngoma. Pengine upweke wa moto ule ndio ukweli mdogo uliobaki wa deni lisilolipwa, lakini filamu ilipaswa kumpa Leia walau mtazamo mmoja.

Jambo la pembeni kwa wasomaji wa Kenya: wakati chumba cha enzi kinaendelea, picha inarukia vita vya angani, na msaidizi wa rubani Lando, yule Nien Nunb mwenye mashavu makubwa, anaongea lugha inayotambulika. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya, na maneno yake ni ya Kikikuyu na Kikalenjin.

Shujaa anayeshindwa

The Return of the King ya Peter Jackson iliteuliwa kuwania tuzo 11 za Oscar na ikazibeba zote. Watu huisifu kwa vita vya Pelennor. Sifa yake kubwa iko ndani ya mlima, ambako shujaa anashindwa.

Frodo (Elijah Wood) amebeba Pete, chombo cha uovu kinachomteka kila anayekishika, kwa filamu tatu ili aitupe motoni. Anafika ukingoni. Sam (Sean Astin) anampigia kelele aiachie. Frodo anageuka, na anasema ni yake. Anaivaa. Safari yote, njaa yote, rafiki wote waliokufa, na jibu ni hilo. Filamu chache za gharama kubwa zimethubutu kufanya hivyo kwa mhusika mkuu.

Tunaamini anguko hilo kwa sababu limeandaliwa kama mwashi anavyopanga matofali. Mnamo 2001 tuliona mchawi Gandalf akikataa kuigusa Pete, Galadriel akitetemeka mbele yake, Boromir akiangukia mtegoni kwa sababu aliitaka kwa ajili ya kuokoa mji wake. Wenye nguvu zaidi ya Frodo waliikimbia. Filamu ya 2003 inafunguka kwa Sméagol, yule atakayekuja kuitwa Gollum, Andy Serkis akiwa na sura yake ya kawaida, akimuua ndugu yake mtoni siku ileile Pete ilipopatikana. Kabla filamu haijaanza safari tumeonyeshwa mwisho wa njia hiyo.

Kinachoiokoa dunia basi ni nini? Ni huruma za zamani. Katika giza la Moria, Frodo alitamani Gollum angeuawa mapema, na Gandalf akamfundisha kutoharakisha kutoa hukumu ya kifo, akisema kuwa huruma ya Bilbo, aliyeishika Pete kabla ya Frodo, inaweza kuamua hatima ya wengi. Bilbo alimwachia Gollum uhai, Frodo akamwachia, na kitabuni hata Sam mwenye mashaka akaishia kumwachia. Gollum huyo aliyeachwa hai ndiye anayemng'ata Frodo kidole na kuichukua Pete. Ushindi unakuja kupitia tendo jema lililofanywa miaka mingi nyuma, wakati aliyelitenda hana tena uwezo wa kutenda jema.

Hapa kuna jambo la kiufundi linalostahili kuzingatiwa. Kitabuni, Gollum anacheza kwa furaha, mguu unakosa pa kukanyaga, anatumbukia. Jackson aliona kwamba kuteleza tu kungeonekana bahati nasibu kwenye skrini. Walipiga picha toleo ambalo Frodo anamsukuma Gollum, wakaliacha, kwa sababu lilifanana na mauaji. Toleo la mwisho ni la katikati: Frodo anainuka, anarudi kumshambulia Gollum, wanavutana, wote wanapita ukingo. Ukitazama kwa makini, Frodo hapiganii kuiharibu Pete. Anaitaka arudishiwe. Uongozaji umefanya jambo gumu hapo: umempa mhusika mkuu kazi ya kufanya katika sekunde za mwisho bila kumwondolea kosa lake.

Halafu inakuja sehemu bora kuliko zote. Frodo ananing'inia kwa mkono mmoja wenye damu. Chini, Pete imeelea juu ya mto wa moto na haijayeyuka. Usoni kwa Frodo kuna wazo la kujiachia. Sam anamsihi asiachie. Frodo anaponyoosha mkono wa pili na kumshika rafiki yake, ndipo Pete inazama. Kuchagua kuishi pamoja na aibu yake, hilo ndilo tendo lake la kurudi.

Tuna lawama mbili. Ya kwanza inamhusu Gollum. Kitabuni, kwenye ngazi za Cirith Ungol, anawakuta Frodo na Sam wamelala, uso wake unalegea kama wa mzee aliyechoka, ananyoosha mkono kugusa goti la Frodo. Sam anaamka, anamkaripia, na mlango unafungwa milele. Ni toba iliyokaribia kabisa kutimia, ikavunjwa na ukali wa mtu mwema. Filamu imeacha tukio hilo na kuweka mahali pake hila ya mkate: Gollum anautupa gengeni, anampakazia Sam makombo, Frodo anamfukuza Sam. Kwa upande wa kishawishi kuna faida, kwani tunaona Pete ikimtenga Frodo na rafiki wa pekee. Kwa upande wa toba hasara ni kubwa, maana Gollum anafika mlimani akiwa adui mtupu.

Ya pili ni mkasi uliopita kwa Saruman, mchawi msaliti. Katika toleo la sinema hatumwoni kabisa akimalizika. Toleo refu lina tukio lote mnarani Isengard: Gandalf anampa nafasi ya kusalimisha anayoyajua, na mfalme Théoden anamwita Gríma, msaliti wake mwenyewe, ashuke kwani hakuwa mtu wa namna hii zamani. Gríma anasita. Kuna hatua moja kati yake na kurudi nyumbani. Saruman anampiga, yeye anamchoma bwana wake kisu, na mshale unamuua palepale. Msamaha ulikuwa umeshatolewa, aliyepewa hakuwahi kuupokea. Tukio hilo ni la dakika chache na kulikata kwa ajili ya sinema kulikuwa kosa.

Na sharti la nne? Frodo hana haki ya mtu aliyoidhulumu kama Vader, lakini filamu haimpi mapumziko ya bure. Anarudi kwao Shire, pale kilabuni hakuna anayemtazama, jeraha la bega bado linauma baada ya miaka minne, na anamwambia Sam kwamba nyumba iliokolewa, ila haikuokolewa kwa ajili yake. Anapanda jahazi kwenda asikorudi mtu. Wanaolalamika kwamba filamu ina miisho mingi wanataka kushangilia na kuondoka. Lakini bila bandari ile, kushindwa kwa Frodo mlimani kungekuwa kiini macho.

Maji yasiyopenya jiwe

The Godfather Part III ya Francis Ford Coppola ina sifa mbaya ambayo kwa sehemu inastahili. Mpango wa benki ya Vatikani umefungwa mafundo mengi kupita kiasi, na uigizaji haulingani. Kwa suala letu, hata hivyo, ndiyo filamu yenye elimu kubwa zaidi ya toba kati ya hizi tano. Asiyeiona kwa kuogopa sifa hiyo anakosa.

Michael Corleone (Al Pacino) amezeeka, ana kisukari, na anataka kuwa mtu safi. Anatoa hundi ya dola milioni 100 kwa jina la wakfu wa baba yake, kwa ajili ya Sicily. Kishawishi chake kimevaa kanzu: heshima. Hatamani tena kumuua mtu, anatamani kununua jina jema, na wauzaji wapo.

Kiini cha filamu ni mazungumzo na Kardinali Lamberto, anayechezwa kwa utulivu mkubwa na Raf Vallone. Kardinali anachukua jiwe lililokaa ndani ya maji ya chemchemi muda mrefu, analivunja, na ndani ni kavu. Hivyo ndivyo Ukristo ulivyokaa Ulaya, anasema, maji yamezunguka pande zote bila kupenya. Michael anazidiwa, sukari imeshuka, anaomba kitu kitamu. Baada ya hapo anaungama. Orodha inaanza na mambo madogo na kuteremka hadi kwenye lile alilolibeba tangu filamu ya 1974: aliamuru ndugu yake auawe. Analia.

Kisha Kardinali anasema jambo ambalo filamu chache zingemwachia padri aseme: kwamba mateso yake ni ya haki, kwamba maisha yake yangeweza kukombolewa, lakini anajua Michael haamini hivyo na hatabadilika. Anamwondolea dhambi hata hivyo.

Pima sasa. Majuto yapo, ya kweli, machozi si ya kuigiza. Kuiacha dhambi? Muda mfupi baadaye, mbele ya jeneza la rafiki yake wa zamani, Don Tommasino, Michael anaapa kwa uhai wa watoto wake kwamba akipewa nafasi hatatenda dhambi tena. Halafu anamkabidhi mpwa wake Vincent (Andy Garcia) madaraka, akijua fika Vincent atafanya nini nayo. Mikono yake yeye haina damu. Damu imebadilishiwa mkono. Coppola anaonyesha kwa ukamilifu namna mtu anavyoweza kujuta kwa dhati na asitubu, akikwamia sharti la kwanza.

Hukumu inakuja kwenye ngazi za Teatro Massimo mjini Palermo, baada ya opera. Muuaji amevaa kama padri. Risasi iliyokusudiwa kwa Michael inampata binti yake Mary. Kiapo kilikuwa kwa uhai wa watoto, na kimeshikwa neno kwa neno. Mchuma janga hula na wa kwao. Methali hiyo ingeweza kuandikwa kwenye bango la filamu.

Pacino anafungua mdomo kulia na sauti haitoki. Mpangaji wa sauti amekiondoa kilio, ukabaki muziki wa Mascagni na mdomo uliopasuka wazi, kwa muda mrefu hadi unatamani asikike. Ndipo sauti inapotoka. Linganisha na kilio kilichoongezwa kwa Vader. Vifaa ni vilevile, mdomo na ukimya. Mmoja alijua lini aviache.

Mwaka 2020 Coppola aliihariri upya na kuiita The Godfather Coda: The Death of Michael Corleone. Toleo hili linaanza moja kwa moja na askofu mkuu Gilday akiomba fedha, badala ya nyumba iliyoachwa ukiwa kando ya ziwa Tahoe, hivyo biashara ya kununua usafi inawekwa mezani tangu dakika ya kwanza. Mwisho nao umebadilika. Mwaka 1990 mzee Michael alianguka kutoka kwenye kiti, akafa, mbwa mdogo karibu yake. Katika toleo jipya picha inakatwa kabla hajaanguka, na maandishi yanakumbusha kwamba Msicily akikutakia miaka mia anakutakia maisha marefu, na kwamba Msicily hasahau. Jina la filamu limeahidi kifo, filamu inamnyima. Ataendelea kuishi na kukumbuka. Tunalipendelea toleo hili bila kusita.

Mbili zilizokatika njiani

The Rise of Skywalker ya J.J. Abrams inarudia chumba cha enzi cha 1983 karibu hatua kwa hatua, na hapo ndipo kasoro zake zinapoonekana. Palpatine, ambaye sasa amerudi hai, anamwambia shujaa Rey (Daisy Ridley) amuue, na akimuua roho yake itahamia kwake. Ni mtego mzuri, maana kumuua adui ndiko kushindwa. Dakika chache baadaye Rey anairudisha radi yake kwa panga mbili na Palpatine anasambaratika. Sharti lililowekwa halikutimia, na filamu haitulii kueleza kwa nini. Mtego ukiweza kuvunjwa na mwandishi badala ya mhusika, haukuwa mtego.

Tatizo hilo limeanza mapema. Rey anarusha radi kwa hasira, chombo kinalipuka, anadhani amemuua rafiki yake Chewbacca. Lingekuwa jeraha la kumbebesha hadi mwisho. Filamu inatujulisha upesi kwamba Chewbacca yu hai. Roboti C-3PO anafutwa kumbukumbu, anarudishiwa. Gharama zikirejeshwa kila mara, mtazamaji anaacha kuogopa.

Kylo Ren, yaani Ben Solo (Adam Driver), mwana wa Leia aliyegeukia uovu, ana tukio moja zuri kweli: juu ya mabaki ya kituo cha kivita Death Star, bahari ikichafuka, anamwona baba yake, ambaye yeye mwenyewe alimuua darajani katika filamu ya 2015. Wanarudia maneno ya daraja lile, kwamba anajua linalompasa ila hana hakika ya nguvu. Safari hii anautupa upanga baharini. Kumbukumbu ya aliyedhulumiwa ndiyo inayomfungulia, na hapo sharti la nne limeguswa zaidi kidogo kuliko katika filamu ya 1983. Lakini kuanzia hapo haambiwi kusema karibu lolote hadi anapokufa kwa kumpa Rey uhai wake. Tulihitaji walau mazungumzo mafupi kati ya mama na mwana. Sababu ya kukosekana inaeleweka: Carrie Fisher alifariki Desemba 2016, na Leia wa filamu hii ametengenezwa kwa picha zilizobaki za filamu ya 2015.

Deathly Hallows Part 2 ya David Yates ina toba nzuri ya Snape, mwalimu aliyeonekana adui, kwa sababu Alan Rickman alicheza filamu zote zilizotangulia kwa namna ambayo kumbukumbu zake zinapofunguliwa, kila tukio la nyuma linasomeka upya. Lakini imetupa mambo mawili ya kitabu. Kitabuni Harry anampa adui yake mkuu, Voldemort, nafasi ya kujuta kabla ya kumpiga. Filamu imeondoa sentensi hizo, na kumwachia tu pambano la kurukaruka na mwili unaopeperuka kama majivu. Fimbo kuu nayo, silaha isiyoshindwa, Harry anaivunja na kuitupa kwenye daraja. Kitabuni kwanza anaitumia kuitengeneza fimbo yake mwenyewe iliyovunjika, na hapo tunajua kwa nini haitamani ile kubwa: anayo yake, inamtosha. Kwenye filamu fimbo yake haitengenezwi kamwe, na kishawishi kinakwisha kabla hakijaanza.

Toleo lipi, na namna ya kutazama

Return of the Jedi: toleo lililoko kwenye huduma za mtandaoni lina kilio cha 2011. Ukitaka ukimya wa asili, tafuta DVD ya 2006 yenye diski ya ziada; ubora wa picha ni hafifu, lakini Vader ananyamaza, na kwenye sherehe ya mwisho mzimu wa Anakin, ndilo jina la asili la Vader, ni Sebastian Shaw, si Hayden Christensen aliyewekwa mwaka 2004. Usiitazame peke yake. Tanguliza filamu ya 1980, la sivyo mkono wenye glavu hautakuambia kitu.

The Return of the King: chukua toleo refu kwa ajili ya Saruman na Gríma. Linazidi saa 4, kwa hiyo ligawe jioni mbili. Toleo la sinema ni la saa 3 na dakika 21 na linatosha kwa asiye na muda, ila asome kwanza sura ya ngazi za Cirith Ungol kitabuni.

The Godfather: tazama sehemu mbili za kwanza, kisha Coda ya 2020. Toleo la 1990 liwe la kulinganisha tu.

Kwa wapenzi wa filamu zilizotiwa sauti ya msimulizi, ustadi wa wasimulizi wetu katika mapigano na vichekesho haupingiki. Kwa matukio haya, hata hivyo, chagua sauti asilia na maandishi chini. Msimulizi kazi yake ni kujaza pengo, na hapa pengo ndilo lenye maneno: kofia ya Vader inayogeuka, mkono wa Frodo unaosita, mdomo wa Michael. Kwenye ngazi za Palermo pandisha sauti ya runinga mapema, wakati opera ingali jukwaani, na usiiguse tena hata ukidhani spika imekufa.